Mfano wa F-5E kwa kipimo cha 1/72: plastiki safi, lakini Kenya haimo

Leo naacha mambo ya programu kidogo, ingawa mtaona tutarudi huko huko.

Nimemaliza kuunda mfano wa plastiki wa ndege ya kivita, F-5E Tiger II, kwa kipimo cha 1/72. Maana yake kila sentimita moja ya plastiki inasimamia sentimita 72 za ndege yenyewe. Mbona hii na si ile F-16 ambayo kila mtu anaijua? Kwa sababu F-5 ndiyo ndege ya vita ambayo mtu wa Kiirua huijua kwa masikio kabla ya macho. Kambi ya wanahewa ya Laikipia iko Nanyuki, ukizunguka mlima kupitia Timau, na hizi ndege zinapopita hazibishi hodi.

Maoni yangu niyaseme mapema. Kama plastiki, hii ni seti nzuri (nikiiita kiti mtafikiri nauza fanicha). Kama F-5 yetu, haijakamilika, na pengo lenyewe kiwanda hakiwezi kuliziba peke yake.

Tuanze na rula. F-5E halisi ina urefu wa mita 14.45, na upana wa mabawa wa mita 8.13 bila makombora kwenye ncha. Gawanya kwa 72, upate karibu milimita 200 kwa 113. Nilipima nikapata 200 kwa 112. Milimita moja haitaninyima usingizi. Mistari ya mabamba imechongwa ndani, haikuinuliwa juu kama kwenye seti za zamani, kwa hiyo ukipiga msasa kwenye viungo huifuti. Mabawa yanaingia kwenye mwili bila kulazimishwa. Shida iko pale midomo ya kuingizia hewa inapokutana na mwili, pande zote mbili: unabaki na ufa unaohitaji kujazwa na kusuguliwa, na hapo ndipo jioni yangu moja iliishia.

Kuna kitu wahandisi wa Northrop walifanya ambacho watu wengi hawakijui. Mguu wa mbele wa F-5E unaweza kurefushwa ndege inapotaka kuruka, pua inainuka, na yale mabawa madogo yanashika hewa mapema. Seti hii inakupa mguu wa mbele mmoja tu, ule mfupi. Kwa mwenye kupenda mitambo hilo ni pigo, maana ndege ikiwa imeinua pua hivyo inapendeza kuliko ikiwa imelala.

Pua nayo ni somo. Si F-5E zote zilitoka na pua moja. Nyingine zina ile iliyobapa inayoitwa pua ya papa. Ndani ya boksi zimo zote mbili, na karatasi ya maelekezo inakuambia ipi ni ya nchi gani. Nchi zilizomo ni tatu: Marekani, Uswisi na Brazili. Basi.

Hapo ndipo nikaanza kuwaza kama mtu wa programu. Stika za kuloweka majini, zile zenye bendera na nambari, ni sawasawa na faili ya lugha ndani ya programu. Mwili ni ule ule kwa kila mtu, kinachobadilika ni maandishi. Mnakumbuka mwaka 2004 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice? Hawakuandika upya programu nzima. Waliketi wakatafsiri, kwa sababu hakuna mtu wa ng'ambo angekuja kuwafanyia.

Na si kwamba F-5 ya Kenya haina historia ya kutosha kuwekwa kwenye karatasi ya stika. Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1978. Tarehe 1 Agosti 1982, katika jaribio la mapinduzi lililoanzishwa na askari wa wanahewa, marubani wa Nanyuki walilazimishwa kuzirusha zikiwa na mabomu yaliyokusudiwa Nairobi. Wakayaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya. Mlima huu huu! Baada ya hapo jeshi la wanahewa likavunjwa, likawekwa chini ya jeshi la nchi kavu, na halikurudishiwa jina lake hadi 1994. Ndege hizi zikaonekana tena vitani katika Operesheni Linda Nchi, iliyoanza Oktoba 2011 kule Somalia.

Linganisha na F-5 inayojulikana zaidi duniani. Ni zile zilizopakwa rangi nyeusi kwenye filamu ya Top Gun ya 1986, zikaitwa MiG-28, ndege ambayo haikuwahi kuwepo. Ndege ya uongo inatambulika duniani kote, na iliyopita juu ya paa letu haina hata stika!

Wengine watasema tuilaumu kampuni. Mimi silaumu. Mchoraji wa stika anafanya kazi na data: picha za pande zote, nambari za mkiani, rangi, na mwaka. Waswisi wamepigwa picha kwenye kila onyesho, rubani akiwapungia watoto mkono. Kwetu, kunyanyua kamera karibu na kambi ya jeshi ni kutafuta maswali ambayo hutayapenda. Naelewa mambo ya usalama. Lakini ndege inayopita hadharani mbele ya maelfu siku ya Jamhuri si siri tena, na picha za siku hiyo zinaishia kwenye simu za watu na kufutwa nafasi ikijaa.

Kwa hiyo nikachora mwenyewe, kwa Inkscape, faili ya vekta. Hesabu yake ni hii: tuseme duara lenye upana wa sentimita 50 kwenye ndege halisi, kwenye mfano linakuwa milimita 7. Printa ya nukta 600 kwa inchi inakupa nukta kama 165 za kuchorea duara zima. Mstari wa sentimita 3 unabaki na nukta 10 hivi. Inatosha, lakini usitegemee miujiza.

Tatizo kubwa ni rangi nyeupe. Printa za kawaida hazichapishi nyeupe; zinaacha karatasi ionekane. Bendera yetu ina mistari myeupe, na ukichapisha kwenye karatasi ya stika isiyo na rangi, nyeupe inapotea na kijani kinazama ndani ya rangi ya ndege. Tumia karatasi ya stika nyeupe, ukate ukingoni kwa wembe mpya. Chapisha kwa leza, maana wino wa kawaida unayeyuka ukiloweka stika, labda uipulizie vanishi kwanza.

Duara limekaa vizuri. Mkia bado uko mtupu, kwa sababu sitaki kubandika nambari ya kubuni. Mwenye picha aliyoipiga mwenyewe kwenye sherehe ya wazi, hata iwe na ukungu, anitumie, na tafadhali aandike ni ya mwaka gani.