Siku 214 za Kijapani na Bado Sijui Kuongea

Leo tuambiane ukweli kuhusu hii mambo ya kujifunza Kijapani kwa simu.

Juzi nilikuwa Gede, pale kwa magofu. Wakaingia Wajapani wawili, mama na binti yake, nikasema leo ndio leo. Nikawapiga "Konnichiwa!" Yule mama uso ukamng'aa, akaniuliza, "Toire wa doko desu ka?" Choo kiko wapi. Hilo swali liko somo la kwanza kabisa. Kwa simu nimelijibu labda mara mia. Nina siku 214 mfululizo bila kukosa hata moja. Na unajua nilijibu nini? "Hai." Yaani "ndiyo". Choo kiko wapi? Ndiyo. Mwishowe nikaonyesha kwa kidole.

Kando yangu kulikuwa na kaka anauza vinyago. Darasa la lugha hajawahi kukanyaga. Dakika ile ile alikuwa anabishania bei na mzee wa Kiitaliano, anatania, anaapa, mikono inaruka kama amezaliwa Napoli. Akauza viwili.

Sisi wa Malindi tunajua kabisa vile mtu hujifunza kuongea lugha ya kigeni, ni vile tu hiyo njia hatuiheshimu. Waitaliano wako hapa tangu miaka ya 1960, enzi za kile kituo cha kurusha setilaiti cha San Marco pale Ngomeni, halafu zikafuata hoteli na piza. Vijana wa ufuoni walikidaka Kiitaliano kwa masikio. Walikosea, wakachekwa, kesho yake wakarudi tena. Hakuna aliyengoja amalize sarufi ndio aseme ciao.

Lakini wengi wetu tunaosoma Kijapani tunakusanya maneno tu, kama mtu anayenunua viatu na hatoki nyumbani. Hata mtihani wa JLPT, ule wa N5 mpaka N1, hauna sehemu ya kuongea. Unaweza kupita vizuri sana na mdomo bado umefungwa kufuli.

Kinachoniuma ni kwamba sisi tuna bahati. Vokali zao ni tano kama zetu, na silabi zao karibu zote zinaishia kwa vokali. Mzungu anahangaika na "arigatou", wewe unaitamka tu. Cha kuchunga ni urefu: obasan ni shangazi, obaasan ni nyanya. Ukivuta kidogo tu umemzeesha mama wa watu. Lakini mtu anayetofautisha kufa na kufaa atashindwaje hapo? Halafu kuna kitu wanaita aizuchi, zile "hai", "un", "sou desu ka" ambazo msikilizaji anatia katikati mwenzake akiongea, kuonyesha yuko naye. Kaa barazani na bibi yako umpe habari za mtaa. "Ehee... enhe... naam." Si ndio hiyo hiyo!

Anime nayo inasaidia sikio, sikatai. Lakini ukimwita mwalimu omae kwa sababu jamaa fulani wa katuni anasema hivyo, umefanya sawa na kumwambia mzee wa mtaa "we msee".

Najua utaniuliza, Wajapani Malindi wako wapi? Wachache, kweli. Na sisemi njia ya ufuoni imekamilika. Wengi wa wale makaka hawawezi kuandika hata barua fupi ya Kiitaliano, na ukiwatoa kwenye bei na salamu kuna wanaokwama. Ila wanaongea, na mimi nilikuwa siongei.

Sasa asubuhi nikifagia uani naweka sauti ya Kijapani sikioni na kuifuata papo hapo, neno kwa neno, majirani wanidhanie wanavyotaka. Na tafuta mtu. Huko Japani kuna watu wanasoma Kiswahili, Chuo Kikuu cha Osaka kinakifundisha kabisa, na wao pia wanahangaika kupata wa kuongea naye. Mimi nimepata msichana mmoja mtandaoni, tunatumiana sauti za dakika moja moja, yeye Kiswahili, mimi Kijapani. Wiki iliyopita aliniambia kwa furaha kubwa, "Leo nimeoa paka mzuri." Alimaanisha ameona. Nikacheka mpaka machozi, kisha nikamtumia salamu za shangazi yake aliyekuwa anaumwa, nikavuta ile a.

Tumesameheana.