Kadi Moja kwa Barabara Zote: Tulipe Bila Kufuatiliwa



Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Daraja hilo la kilomita tatu limebadili maisha ya watu wa pande zote mbili za Ghuba ya Mwanza. Mgonjwa anayeletwa Bugando kutoka Sengerema au Geita halazimiki tena kusubiri kivuko huku hali yake ikizidi kuwa mbaya. Tunamshukuru Mungu kwa kazi hiyo ya mikono ya watu. Hata hivyo, madaraja na barabara kubwa hujengwa na kutunzwa kwa fedha nyingi, na katika nchi zetu njia ya tozo inazidi kupendekezwa. Hatuna budi basi kujiuliza mapema jinsi tozo hizo zitakavyokusanywa, na kile ambacho msafiri ataacha nyuma yake kila anapolipa.

Mambo haya yameshaanza. Daraja la Nyerere kule Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, hutoza magari yanayovuka. Kwenye kivuko cha Magogoni abiria wamezoea kulipa kwa N-Card. Serikali imekuwa ikiandaa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha hadi Chalinze. Kwa jirani zetu, Uganda ilianza kutoza katika barabara ya Entebbe Januari 2022, na mwaka huohuo Nairobi ikafungua barabara yake ya juu yenye kadi na vifaa vyake vya kulipia. Kila mfumo una mlango wake na masharti yake.

Tumfikirie dereva wa lori anayetoka Mwanza, anayepita Sirari kuelekea Nairobi, na juma linalofuata anashuka Dar es Salaam. Mifumo hii ikizidi kuongezeka bila kusomana, atahitaji kadi nyingi na salio katika kila moja. Kampuni kubwa inaweza kubeba gharama hiyo. Mwenye gari moja, ambaye ada za shule za watoto wake hutegemea safari hiyo, ataona fedha yake imelala katika kadi asizozitumia. Kwa hiyo kuitaka mifumo isomane ni suala la haki kwa mnyonge.

Nasi Watanzania tumeshaonja faida ya kusomana. Kuanzia mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kuruhusu fedha kutumwa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, jambo ambalo leo mama wa sokoni Kirumba analiona la kawaida kabisa. Umoja wa Ulaya ulitunga maelekezo mwaka 2004, ukayafanyia marekebisho mwaka 2019, ili dereva awe na mkataba mmoja na kifaa kimoja kwa tozo za nchi mbalimbali. Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuelekea huko.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Kifaa kilichobandikwa kwenye kioo cha gari, au kamera inayosoma namba ya usajili, huandika mambo matatu: gari gani, wapi, na saa ngapi. Mlango mmoja ukiwa peke yake una kipande kidogo tu cha habari. Milango yote ikiunganishwa na kumbukumbu zake zikalundikwa mahali pamoja, vipande hivyo huwa historia ya maisha ya mtu: zahanati anayotibiwa, nyumba anayoitembelea, mkutano aliohudhuria, kanisa au msikiti anaosali. Mfanyabiashara ataweza kujulikana ananunua wapi. Mwanamke aliyekimbia kipigo ataweza kufuatwa hadi alikojificha, iwapo mwenye kumtafuta ana rafiki mmoja tu katika ofisi ya tozo. Uganda ilipozindua namba za magari za kidijitali mwaka 2023 kwa sababu za usalama, watetezi wa haki za binadamu waliuliza swali hilihili: nani atazitazama safari za raia, na nani atamzuia asivuke mpaka?

Wapo wanaosema kwamba asiye na hatia hana cha kuficha. Tena sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria tunajua uchungu wa kutokuwa na kumbukumbu. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018 ikiwa imebeba watu kupita kiasi, zaidi ya mia mbili walifariki. Familia zilikaa ufukweni zikiuliza ni nani hasa alikuwa ndani. Je, si afadhali kila safari iandikwe?

Jibu letu ni kwamba kumbukumbu hupimwa kwa kazi yake. Orodha ya abiria wa meli hulinda uhai: huzuia kujaza kupita kiasi, na ajali ikitokea husaidia uokoaji. Meli ikifika salama, kazi ya orodha hiyo imekaribia kwisha. Mlango wa tozo unahitaji kujua jambo moja tu, kwamba gari hili limelipa. Malipo yakithibitishwa na muda wa malalamiko ukapita, kuendelea kujua nani alipita hakumwokoi mtu yeyote.

Maandiko Matakatifu yanatufundisha tofauti hiyo. Mchungaji mwenye kondoo mia anajua kwamba mmoja amepotea kwa sababu huwahesabu, na huwahesabu kwa kuwa anawapenda. Mfalme Daudi naye aliwahesabu watu wake, na hesabu ile ikawa dhambi mbele za Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliitaja faragha miongoni mwa haki zinazompasa kila binadamu ili aishi maisha yenye utu. Mafundisho jamii ya Kanisa hayapingi teknolojia. Yanadai imtumikie mwanadamu.

Kwa hiyo tunaona mambo manne ya kudai. Kwanza, milango isomane katika malipo, bila kuunda hifadhi moja ya safari zote. Kanuni auni inafaa hapa: kinachotoshelezwa na kituo kimoja kisipandishwe hadi makao makuu. Pili, iwepo kadi ya kulipia kabla isiyohitaji jina, kama tiketi ya fedha taslimu ilivyokuwa. Tatu, kumbukumbu zifutwe kwa muda uliotajwa wazi. Nne, mpelelezi wa uhalifu akizihitaji, azipate kwa amri ya mahakama na kwa kesi maalumu.

Msingi wa kisheria tunao. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake hupokea malalamiko ya wananchi. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi, wala zisihifadhiwe kuliko inavyohitajika. Lakini sheria isiyoulizwa hulala.

Tunawaalika basi waamini, hasa madereva, wamiliki wa magari na wanasheria waliomo katika parokia zetu, wasisubiri hadi mlango ujengwe. Wakati wa maoni ya wananchi na vikao vya halmashauri, waulize: kadi hii itakubalika wapi kwingine? Itaandika nini juu yetu, na itafutwa lini? Baba wa familia anayevuka ghuba alfajiri kutafuta riziki anadaiwa tozo yake, naye ailipe kwa uaminifu. Akishailipa, safari yake ni yake na Mungu wake.