Mzimamoto asituokoe leo, kesho afe kwa povu

Wasikilizaji wetu wa Keshero, na ninyi ndugu zetu mliohama makwenu mkapokelewa katika kata hii, leo tuzungumze juu ya watu tunaowakumbuka siku ya moto tu: wazimamoto.

Goma ni mji unaoujua moto. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatapika tena. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilianguka Birere, kati ya maduka na nyumba. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege ya Busy Bee ikaanguka juu ya makazi ya watu, mara tu baada ya kuruka. Mbali na hayo, nyumba zetu ni za mbao na zimebanana, na petroli inauzwa kwenye bidoni kando ya barabara. Sisi tukikimbia moto, mzimamoto anaukimbilia.

Mwaka 2022, shirika la utafiti wa kansa la Shirika la Afya Duniani (OMS) lilitangaza kwamba kazi ya kuzima moto inasababisha kansa kwa binadamu. Sababu ni nyingi. Godoro, plastiki, rangi na mafuta vikiungua, moshi wake ni sumu. Unaingia kifuani na kupenya kwenye ngozi. Lakini kuna sumu nyingine inayokuja ndani ya vifaa vya kuzimia moto vyenyewe.

Moto wa petroli hauzimwi kwa maji matupu. Petroli inaelea juu ya maji na kusambaa ikiwaka. Ndiyo maana, tangu miaka ya 1960, viwanja vya ndege na maghala ya mafuta sehemu nyingi za dunia yalianza kutumia povu maalum linalotanda juu ya mafuta na kuzuia mvuke wake. Nguvu ya povu hilo ilitokana na kemikali zinazoitwa PFAS. Kemikali za jamii hiyo zimetiwa pia katika nguo nyingi za wazimamoto ili zisilowe maji wala mafuta.

Wataalamu wanaziita kemikali za milele, kwa sababu karibu haziozi. Jua haliziui. Zikiingia mwilini, baadhi yake hukaa damuni miaka mingi. Mwaka 2023 shirika lile lile la kansa liliweka moja yake, PFOA, katika kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Utafiti umezihusisha pia na mafuta mengi katika damu, na kinga ya watoto kutoitikia chanjo vizuri.

Tukiacha mzimamoto, kuna ziwa. Kule Kallinge, nchini Uswidi, mwezi Desemba 2013 kituo cha maji ya kunywa kilifungwa baada ya kugunduliwa kwamba povu la uwanja wa ndege wa jeshi lilikuwa limeingia katika maji. Miaka kumi baadaye, mwezi Desemba 2023, mahakama kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kuwa na kemikali hizo nyingi damuni ni madhara ya mwili yanayotambuliwa na sheria. Karibu na kwetu, mjini Kampala, watafiti walichapisha mwaka 2018 kwamba walizikuta katika maji, udongo na mimea ya kinamasi cha Nakivubo.

Sisemi kwamba Ziwa Kivu limekwisha kuchafuka. Nasema ardhi yetu ni mawe ya lava yenye matundu. Kinachomwagwa juu kinazama upesi. Na maji tunayokunywa Keshero, ya bomba, ya lori au ya bidoni kichwani mwa mtoto, yanatoka ziwani.

Najua kuna mama atakayesema: mwanangu, sisi tunakufa kwa risasi, kipindupindu na njaa, na wewe unatuletea habari ya povu? Ana haki. Kipindupindu kinaua kwa saa chache, kwa hiyo tuendelee kutia klori na kuchemsha maji. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Lakini klori haiondoi PFAS, wala kuchemsha hakuziondoi. Dawa yake ya kweli ni kuzizuia mapema, na kuzizuia leo ni rahisi kuliko kusafisha ziwa kesho.

Sheria ipo. Mkataba wa Stockholm, ambao Kongo yetu imo ndani yake, uliibana PFOS mwaka 2009, na PFOA mwaka 2019. Nchi tajiri zinabadilisha povu na nguo za wazimamoto wao. Swali ni hili: vitu vya zamani vitakwenda wapi? Sisi tunajua mitumba inakofika. Gari la zimamoto tunalihitaji, na msaada tunaupokea kwa mikono miwili. Lakini anayepokea aulize: hili povu lina PFAS? Kama linayo, lirudi lilikotoka. Povu lisilo na kemikali hizo lipo na linauzwa.

Wenye mamlaka ya mji, tunawaomba mambo matatu. Maghala ya mafuta na uwanja wa ndege wahesabu povu walilonalo, na mazoezi yasifanywe tena kwa povu la zamani. Wazimamoto wapewe vifaa vya kupumulia, sabuni na maji ya kuoga kazini, na nguo za moto zifuliwe huko huko, zisiende nyumbani kuchanganywa na nguo za watoto. Na maji ya ziwa yapimwe pale tunapoyachota.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Povu hilo linauzwa pia katika bidoni za lita 20 au 25. Bidoni yoyote iliyobeba povu au kemikali nyingine usiinunue kwa maji, hata kama ni rahisi, hata kama umeiosha mara kumi. Povu likimwagwa barabarani, watoto wasilichezee. Na mzimamoto akitoka kwenye moshi, mpatie maji na sabuni anawe kabla ya kula. Amekuja kuokoa nyumba yako. Naye ana watoto wanaomngoja.