Chanjo Ipo, Maneno Mema Ndiyo Haba

Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, maelfu ya watu huvuka mpaka kutoka Kasindi, Kongo, kuingia Mpondwe, Uganda. Wamo akina mama wa Beni waliokimbia vita, wakafikia kwa jamaa zao hapa Bwera. Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda ni watu wa asili moja waliotengwa na mpaka, wanaelewana bila mkalimani. Basi kwa nini mtoto wa mama kama huyo akose chanjo ya surua, hali ni bure?

Kinachomkimbiza ni ulimi wetu. Mama akieleza kwamba kadi ya mtoto ilibaki kwenye nyumba iliyoungua, mara nyingine muuguzi humkaripia mbele ya foleni nzima. Huyo harudi tena, na shoga zake hawaji kabisa.

Tukumbuke pia alikotoka. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, wachanjaji walifika kwa misafara ya magari, pengine na walinzi wenye bunduki. Na wakati huohuo surua ikaua Wakongo zaidi ya 6,000, wengi wao watoto, bila kelele kama zile. Aliyeyaona hayo akiuliza sindano hii ni ya nini, ameuliza la maana. Ajibiwe kwa Kinande au Kiswahili, si kwa bango la Kiingereza. Wala tusijidanganye kwamba hayo ni ya ng'ambo: Juni 2019 Ebola ilivuka hapa na familia iliyotoka mazishini, mtoto wa miaka 5 akafia Bwera. Na surua huambukiza upesi kuliko Ebola.

Enyi wauguzi, anzeni na salamu na pole ya safari. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9: ratiba hiyo ya chanjo wameizoea huko Kongo pia. Kadi ikipotea, mtoto achanjwe. Kurudia chanjo ya surua hakumdhuru. Zungumzeni na bibi na baba pia, kwa maana mama mgeni haamui peke yake katika nyumba alimohifadhiwa. Sheria ya Uganda inayomwadhibu mzazi asiyechanja mtoto ipo, lakini kumtishia nayo mkimbizi ni kumfundisha kujificha.

Nanyi viongozi wa afya wa wilaya yetu ya Kasese, meza ya chanjo isikose sokoni Mpondwe kila Ijumaa, na akae hapo mama wa Kinande ambaye wachuuzi wenzake wanamwamini.