Keria ya matatu yala mafuta

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) inapotangaza bei mpya, wahudumu wa matatu wa Kesses, Kaunti ya Uasin Gishu, huielekezea serikali lawama. Lawama hizo zina msingi. Hata hivyo, sehemu ya hasara yao imefungwa kwa kamba juu ya paa la gari.

Gari likienda kasi hulazimika kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na kazi hiyo hulipiwa kwa mafuta. Ndiyo sababu waundaji huviringa pua ya gari, ili hewa ipite pasi na kuvurugika. Magunia ya viazi kwenye keria huharibu mpango huo wote.

Kasi nayo huongeza gharama. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, ukinzani wa hewa hupanda kwa zaidi ya nusu. Vidhibiti mwendo vya mwaka wa 2004, enzi za Waziri John Michuki, vililenga kuokoa maisha; madereva waliovichezea walimwaga pia petroli yao.

Kwenye njia za matope, kwa mwendo wa kobe, upepo si hoja; uzito ndio unaotafuna mafuta. Lakini katika lami ya kuelekea Eldoret, hata keria tupu hukinga upepo, na kuiacha juu siku isiyo ya soko ni kulipa bure.