Kutuma Hela Sio Kuuguza

Kuna kaka mmoja wa Samuye, Shinyanga, ambaye dhahabu ya kule Nyarugusu, Geita imemkubali. Ana maduara, ana karasha, na mtandaoni ameweka picha ya mama yake akaandika "Malkia wangu". Watu wakamwaga kopa za kutosha. Mama ana kisukari na presha, na kwa kweli hela ya dawa haikosekani. Hapo kaka hana deni.

Balaa lilianza umbea ulipomfikia machimboni: mkeo anamtesa mama kwa njaa. Anampimia ugali, chai haitii sukari, soda hataki hata kuiona ndani. Jamaa hakuuliza mara mbili. Akapiga simu, akamfokea mkewe, mama mwenyewe amekaa pembeni anasikia.

Jamani! Huyo mke ndiye anayehakikisha mama kala kabla ya kumeza vidonge. Ndiye anayeinama kila jioni, "Mayu, lete miguu nione," maana mwenye kisukari anaweza kuchomwa na mwiba asisikie, kidonda kikaja kuonekana kimeshaharibika. Na ndiye aliyeamka usiku mmoja akamkuta mama kalowa jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka. Akampima, sukari iko chini ya 3.9. Fasta akamkorogea maji ya sukari, mama akanywa, akatulia. Sukari ile ile anayodaiwa kumnyima! Usiku huo mwenye hela alikuwa Nyarugusu, amelala zake.

Sasa kati ya hawa wawili, nani anamuuguza mama?

Wataalamu wa uuguzi wana jibu. Mwaka 2012 Barbara Riegel, Tiny Jaarsma na Anna Strömberg walitoa nadharia kwamba mwenye ugonjwa wa kudumu anajitunza kwa mambo matatu: kushika masharti ya kila siku kama dawa na chakula, kuuangalia mwili unavyobadilika, na kuchukua hatua dalili zikitokea. Baadaye likatengenezwa dodoso la kumpima ndugu anayeuguza kwa mambo hayo hayo matatu. Haliulizi umetuma shilingi ngapi. Linauliza ni mara ngapi unamhimiza mgonjwa wako kufanya hayo, au unamfanyia pale asipoweza.

Kwa kipimo hicho, mke kafaulu yote matatu. Kaka je? Hela ina kazi yake, bila hela hata dawa hainunuliwi. Lakini umbali sio kisingizio. Simu ile ile ya kufokea ingeweza kuuliza, "Mama, leo umepima? Imesoma ngapi?"

Na kuna kitu majirani hawakukijua. Aliyeomba ugali upunguzwe ni mama mwenyewe, baada ya kuelekezwa kliniki. Mkwe anamsaidia tu kushika alichoamua. Hakuna aliyemuuliza mama, wote walikuwa wanamsemea.

Kwa hiyo kabla hujamkaripia anayekuuguzia mzazi nyumbani, jipime kwanza. Dawa za mama yako zinaitwaje? Anameza saa ngapi? Mara ya mwisho presha yake ilisoma ngapi?

Kama huna jibu, mpigie anayejua. Na ukimpigia, anza na neno moja: asante.