Kabla ya kutoboa kuta, uliza waya wa eriali

Ingia chumba chochote cha lojing'i hapa Garsen, utaona waya mnene unaotokeza ukutani nyuma ya televisheni. Sisi mafundi wa eriali na dishi ndio tuliouvuta, ili king'amuzi kimoja kilichoko mapokezi kionyeshe mpira na habari kwa wageni wote. Kazi hiyo ilizidi mwaka 2015, Kenya ilipozima matangazo ya analogia na kila mtu akawa anatafuta fundi.

Siku hizi mgeni haulizi kama kuna televisheni. Dereva wa lori linaloelekea Lamu, afisa aliyeteremka kutoka Hola kwa kazi ya siku mbili, mwalimu anayesubiri gari la Tarasaa, wote wanaulizia nywila ya wai-fai. Nywila wanapewa. Lakini ruta iko mapokezi, na kati yake na chumba cha mwisho kuna kuta kadhaa za mawe na simiti, milango ya chuma, na pengine tangi la maji. Mgeni anafungua video inakwama, anafungua tena inakwama, asubuhi anaondoka na lawama.

Mwenye lojing'i akilalamika, hushauriwa mambo mawili: atoboe kuta zote avute nyaya mpya za kompyuta, au anunue vile vikuza-wai-fai vya kuchomeka kwenye soketi ya stima. La kwanza ni gharama na vumbi. La pili mara nyingi ni hasara, kwa sababu kikuza-wai-fai kikiwekwa mahali ambapo mawimbi yamekwisha kudhoofika hurudia udhaifu uleule, na vingi vya bei nafuu hukata kasi karibu nusu. Nasema wazi: njia ya intaneti imo ukutani tayari, nayo ni ule waya wa eriali.

Mtu asidhani nabuni. Oliver Heaviside wa Uingereza alipata hataza ya waya wa namna hii mwaka 1880: uzi katikati, kihami kinachouzunguka, kisha ganda la chuma linalozuia mawimbi yasivuje. Mtandao wa Ethernet ulipozaliwa California mwaka 1973, mikononi mwa Robert Metcalfe na wenzake, ulipita kwenye kebo ya ukoo huohuo. Hata hapa Kenya, wateja wengi wa kampuni ya Zuku huko Nairobi na Mombasa waliletewa intaneti na televisheni kwa kebo kama hii.

Kwa matumizi ya ndani ya nyumba kuna kiwango cha kupitisha intaneti kwenye waya huu kinachoitwa MoCA, cha muungano wa kampuni ulioundwa mwaka 2004. Unahitaji visanduku viwili. Kimoja unakiunganisha na ruta kule mapokezi, kingine unakifunga mwisho wa korido na kukiwekea kituo kidogo cha wai-fai. Toleo la 2.5, lililotoka mwaka 2016, linaweza kupitisha hadi gigabiti 2.5 kwa sekunde, hali filamu moja ya ubora wa HD inatosheka na takriban megabiti 5. Si lazima kila chumba kiwe na kisanduku chake; korido moja, kisanduku kimoja.

Hapa sasa ndipo fundi anapotakiwa ajue kazi yake. Televisheni ya eriali, pamoja na chaneli zinazosambazwa vyumbani kutoka kile king'amuzi cha mapokezi, hutumia mawimbi yaliyo chini ya megahazi 900. MoCA ya kawaida hupita juu, kati ya megahazi 1125 na 1675. Viwili hivi vinakaa kwenye waya mmoja bila kugombana. Waya unaoshuka kutoka kwenye dishi ni habari nyingine kabisa: mawimbi yake ni megahazi 950 hadi 2150, yaani yanaingiliana na MoCA, na juu ya hayo king'amuzi hupandisha volti 13 au 18 kulisha kichwa cha dishi. Umeme huo unaweza kuua kisanduku chako. Waya wa dishi linalofanya kazi usiuguse.

Kisha tazama splita zinazogawa waya kwenda vyumbani. Nyingi zilizofungwa kwenye dari zetu zimeandikwa 5–1000, maana yake juu ya megahazi 1000 hazina dhamana, zibadilishe. Busta ya zamani ya kukuza mawimbi iliyo katikati ya njia huzuia mawimbi ya kurudi, kwa hiyo iondoe au uizungushe. Pale waya wa eriali unapoingia nyumbani, funga kichujio ili mtandao wa mteja usitoke nje. Na katika nchi hii ya Tana, angalia maji. Waya uliolala ndani ya mafuriko ya 2023 na 2024, kata kipande utazame: wavu wa lile ganda la chuma ukiwa mweusi au umeliwa na kutu, huo umekwisha.

Najua watakaosema intaneti yenyewe ya Garsen ni hafifu, waya utafaa nini. Ni kweli kwamba waya hauongezi kifurushi. Ukilipia megabiti 10 utapata 10. Lakini hali inabadilika. Tangu Julai 2023 intaneti ya setilaiti ya Starlink inauzwa Kenya, na mahali ambapo faiba haijafika sasa panaweza kupata intaneti ya kasi juu ya paa la mabati. Inauma kuona mtu amelipia kasi yote hiyo, kisha inafia ukuta wa tatu.

Wenye lojing'i, msimlipe mtu kutoboa ukuta kabla hajapima nyaya mlizo nazo. Walimu wa vyuo vya ufundi katika Tana River, wafundisheni vijana kupima kebo ya eriali na kusoma maandishi ya splita, maana bado wanafundishwa kulenga dishi tu. Na serikali ya kaunti, mnapotoa kandarasi ya zahanati au bweni, andikeni ndani ya mkataba kwamba kila chumba kiwe na bomba la nyaya na kebo nzuri kabla ya plasta kupigwa.